Kinga ya wanyama wa nyumbani dhidi ya joto

Kinga ya wanyama wa nyumbani dhidi ya joto ni jumla ya hatua zinazochukuliwa na mfugaji ili mbwa, paka, simbilisi, sungura, kuku na wanyama wengine wanaoishi karibu na binadamu wasidhurike wakati wa joto. Mnyama anapopokea joto jingi kuliko mwili wake unavyoweza kulitoa, hupatwa na msongo wa joto. Hali hiyo isipodhibitiwa hugeuka kuwa kiharusi cha joto, ambacho huharibu ubongo, figo, ini na utumbo, na huweza kuua katika muda mfupi.

Wengi hudhani kwamba hatari hiyo ni ya pwani na mabondeni tu. Hata hivyo, hata katika maeneo ya baridi kama Igowole, kata ya Wilaya ya Mufindi katika Mkoa wa Iringa, nchini Tanzania, wanyama huweza kufa kwa joto. Mara nyingi kinachowaua huko si joto la hewa yenyewe, bali banda, boksi, gari au safari waliyowekewa na binadamu.

Namna mwili unavyotoa joto

Binadamu hutoa jasho karibu mwili mzima. Jasho linapokauka huondoka na joto la ngozi. Wanyama wengi wa nyumbani hawana uwezo huo. Mbwa na paka wana tezi chache za jasho kwenye nyayo, ambazo hazitoshi kupoza mwili. Kuku hana tezi za jasho kabisa.

Badala yake mbwa hutweta, yaani hupumua haraka huku ulimi ukiwa nje, ili unyevu wa kinywa na njia ya hewa ukauke na kubeba joto. Kuku naye hupanua mdomo na kutweta, tena huinua mabawa mbali na mwili. Paka hulamba manyoya yake, na mate yanapokauka ngozi hupoa. Sungura hutumia masikio yake makubwa yenye mishipa mingi ya damu, ambamo damu hupoa kabla ya kurudi mwilini.

Njia zinazotegemea kukauka kwa maji hufanya kazi vizuri pale ambapo hewa ni kavu. Jambo hilo linaeleweka kwa kutazama mtungi wa udongo: maji hupenya taratibu hadi nje ya mtungi, hukauka, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Mtungi huo hupoza maji vizuri zaidi Mufindi mwezi wa Oktoba kuliko Dar es Salaam mwezi wa Februari, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu. Kwa sababu hiyohiyo mbwa anayetweta pwani hupata nafuu ndogo kuliko mbwa anayetweta katika hewa kavu yenye nyuzijoto zilezile.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa na paka ni takriban sentigredi 38 hadi 39.2. La sungura ni 38.5 hadi 40, la simbilisi ni 37.2 hadi 39.5, na la kuku ni karibu 41. Mbwa anapofikia sentigredi 41 yuko katika hatari kubwa. Akifikia 43, viungo vya ndani huanza kushindwa kufanya kazi.

Joto katika Nyanda za Juu Kusini

Igowole iko katika eneo la miinuko ya Mufindi, linalojulikana kwa mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi, na katika mabonde jalidi huweza kuonekana alfajiri. Joto hupanda kuanzia Septemba na hufikia kilele Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijatulia.

Katika miezi hiyo anga huwa wazi na jua huwa kali, kwa kuwa kadiri mahali palivyo juu ndivyo miale ya jua inavyochujwa kidogo na hewa. Usiku hubaki na ubaridi. Tofauti hiyo ya mchana na usiku huwafanya wafugaji wengi wajenge mabanda kwa kufikiria baridi tu: kuta zisizo na matundu, paa la bati lililo chini, na mlango mdogo. Banda la namna hiyo hufaa usiku wa Julai, lakini adhuhuri ya Oktoba bati hupata moto na kumwaga joto juu ya migongo ya wanyama waliofungiwa ndani.

Tofauti ya kimo nayo ni muhimu. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mtu anapopanda mita 1,000. Kwa hiyo mnyama anayetolewa kwenye kimo cha mita 1,800 na kupelekwa usawa wa bahari huingia katika hewa yenye nyuzi 11 au 12 zaidi kuliko aliyoizoea. Wanyama huweza kuzoea joto jipya, lakini huhitaji siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, na si saa chache za safari ya basi.

Wanyama na mahitaji yao

Simbilisi

Simbilisi (jina la kisayansi: Cavia porcellus) ni mnyama mdogo mgugunaji aliyefugwa kwanza na watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ikiwemo mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, hufugwa kwa ajili ya kitoweo, kuuzwa na kufurahisha watoto. Mara nyingi wanaowatunza ni watoto wenyewe, ambao huwakatia majani baada ya masomo na wakati mwingine huuza wachache ili kupata fedha za madaftari.

Hali ya hewa ya Mufindi humfaa simbilisi, kwa kuwa hustawi katika sentigredi 18 hadi 24. Lakini yeye ni miongoni mwa wanyama wasiovumilia joto hata kidogo. Hatoi jasho, hatweti vizuri kama mbwa, na mwili wake ni mnene wenye manyoya mengi. Joto likizidi sentigredi 28 huanza kutaabika, hasa jike mwenye mimba kubwa na mnyama mnene.

Kwa desturi simbilisi wengi hulala jikoni, juu ya sakafu, karibu na mafiga. Wakati wa baridi joto la moto huwasaidia. Katika miezi ya joto, moto, moshi na paa la bati huungana kuwa hatari. Inafaa wakati huo wahamishiwe mchana kwenye kibanda chenye kivuli na matundu ya hewa, kilicho salama dhidi ya nyoka, paka na mbwa, na warudishwe usiku. Simbilisi, sawa na binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Hivyo apewe majani mabichi kila siku, kwani majani yaliyonyauka kwa jua hupoteza maji na vitamini hiyo.

Sungura

Sungura hupendelea sentigredi 15 hadi 20. Joto likipita nyuzi 28 hadi 30 hupunguza kula, na dume huweza kukosa uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa baada ya kipindi cha joto kali. Vizimba vyao visielekee jua la mchana. Chupa ya maji baridi iliyofungwa vizuri, ikiwekwa ndani ya kizimba, humpa sungura mahali pa kujiegemeza na kupoa. Mkojo na kinyesi viondolewe kila siku, maana katika joto nzi hutaga kwenye manyoya machafu na funza wake hula nyama ya mnyama angali hai.

Mbwa

Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi na pua ndefu huvumilia joto kuliko mbwa wengi wa kigeni. Hata hivyo anapofungwa kwa mnyororo mahali ambapo kivuli huhama, hana namna ya kujiokoa. Kivuli cha saa tatu asubuhi kinaweza kuwa jua kali saa nane mchana. Kama ni lazima afungwe, mnyororo ufike kwenye kivuli na kwenye maji kwa saa zote za siku.

Mbwa wenye pua bapa, mbwa wanene, watoto wa mbwa na mbwa wazee hupatwa upesi zaidi. Mbwa wa kuwinda au wa kulinda mifugo asikimbizwe adhuhuri. Joto linalotokana na misuli yake mwenyewe huongezeka juu ya lile la jua, na mbwa mwenye bidii huendelea kukimbia hadi aanguke.

Wakati wa kilimo cha vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi, mbwa hufuata wenyeji wao na hupata maji ya kijito. Hapo kuna hatari nyingine: mbwa mwenye kiu hunywa chochote kilicho karibu, ikiwa ni pamoja na maji yaliyochanganywa na dawa ya kuulia wadudu. Ndoo za kuchanganyia dawa zifunikwe, na mbwa apelekewe chombo chake cha maji.

Paka

Asili ya paka ni nchi kavu, na kwa kawaida hujitafutia mahali penye ubaridi. Hatari yake kubwa ni kufungiwa kwa bahati mbaya ndani ya stoo, kabati au gari. Paka akionekana akitweta mdomo wazi akiwa ametulia, hiyo ni dalili ya hatari, si jambo la kawaida kama kwa mbwa. Paka weupe hupata pia madhara ya jua kwenye ncha za masikio na pua. Ngozi huwa nyekundu, hutoa magamba, na baada ya miaka huweza kupata saratani.

Kuku

Kuku huanza kutweta joto linapokaribia sentigredi 30. Hunywa maji mengi, hula kidogo, na mayai hupungua au huwa na ganda jembamba. Inafaa walishwe asubuhi na mapema na jioni, wasibanane bandani, na maji yao yawe kivulini. Kuku wa nyama hufa kwa joto upesi kuliko wa kienyeji kwa sababu ya uzito wao na ukuaji wa haraka.

Maji, kivuli na hewa

Mambo matatu hutosha kuzuia vifo vingi.

Maji: Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Hivyo mbwa wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja, na zaidi siku za joto. Simbilisi mwenye kilo moja huhitaji karibu mililita 100 asipopata majani mabichi ya kutosha. Chombo cha udongo ni bora kuliko cha bati au plastiki, na kikichimbiwa kidogo ardhini hakipinduki.

Kivuli: Kivuli cha mti ni bora kuliko cha bati, kwa kuwa majani hutoa unyevu na hayahifadhi joto. Parachichi, ambayo imepandwa sana katika mikoa ya Iringa na Njombe, hutoa kivuli kizuri. Hata hivyo majani na maganda yake yana sumu kwa sungura, simbilisi na ndege, basi yasitumike kama lishe wala yasiachwe yaangukie ndani ya kizimba. Paa la bati huweza kupunguzwa joto kwa kutandika nyasi juu yake, kulipaka chokaa nyeupe, au kuweka dari ya mabanzi au mkeka.

Hewa: Hewa moto hupanda juu, hivyo matundu yaachwe chini na juu ya ukuta ili hewa mpya iingie na ya zamani itoke. Wakati wa baridi matundu ya upande wa upepo huweza kuzibwa kwa majani au gunia, kisha yakafunguliwa tena Septemba.

Magari na safari

Gari lililofungwa hupata joto haraka hata siku ambayo hewa ni ya kupendeza. Vipimo vilivyofanyika California, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2005, vilionyesha kwamba joto ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa wastani wa takriban nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Maana yake ni kwamba siku ya sentigredi 22, ambayo Igowole ni siku ya kawaida, gari linaweza kufikia nyuzi 44 wakati mwenyewe angali sokoni.

Hatari kubwa zaidi iko katika kusafirisha wanyama kwenda mikoa ya chini. Ndugu anayeishi mjini hutumiwa kuku, sungura au simbilisi kwa basi, na mbwa wadogo hubebwa kwenda kulinda nyumba. Barabara kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 500, hupita Iringa katika ubaridi wa asubuhi, kisha huteremka milima ya Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, ambako mibuyu yenyewe huonyesha kwamba hapo ni nchi ya joto na ukavu. Basi likiondoka alfajiri, wanyama walio ndani ya buti hufika huko mchana, wakiwa katikati ya mizigo, bila upepo na bila maji. Kwa upande wa Mbeya, abiria huteremka kwenye tambarare ya Usangu kabla ya kupanda tena, na anayekwenda Kyela hufika ufukoni mwa Ziwa Nyasa penye joto na unyevu.

Mnyama asisafirishwe kwenye ndoo yenye mfuniko, kiroba, au boksi lililotobolewa matundu machache. Tenga lililosukwa kwa mianzi au fito hufaa zaidi, kwa kuwa hewa hupita pande zote. Wanyama wasijazwe, tenga lisiwekwe karibu na injini, na mwenye mzigo awape maji au matango kila basi linaposimama. Inapowezekana safari ifanyike katika miezi ya Juni na Julai. Safari ya Oktoba hadi Machi iahirishwe, hasa kwa simbilisi wenye mimba. Kusafirisha wanyama kutoka wilaya moja hadi nyingine huhitaji pia kibali kutoka kwa mamlaka ya mifugo, na afisa mifugo wa kata huweza kutoa maelekezo.

Dalili za msongo na kiharusi cha joto

Dalili za mwanzo kwa mbwa ni kutweta kupita kiasi, mate mazito, fizi nyekundu, na kutotulia. Zinazofuata ni kuyumba, kutapika, kuharisha (wakati mwingine damu), degedege na kuzimia. Simbilisi na sungura hujinyoosha ubavuni, hupumua upesi, hulowa mate kidevuni na hukataa kula. Wengi hufa kimya bila kelele yoyote, hivyo mtoto anayewaona wamelala tu mchana wa joto anapaswa kuwachunguza mara moja. Kuku hulegea, hufumba macho na kuanguka.

Huduma ya kwanza

Kanuni kuu ni kupoza kwanza, kisha kusafirisha kwenda kwa daktari wa mifugo. Dakika zinazopotea njiani huku mwili ukiendelea kuungua ndizo zinazoua.

1. Mnyama ahamishiwe kivulini penye upepo.
2. Mbwa amwagiwe maji mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, huku akipepewa. Mbwa mwenye nguvu na fahamu anaweza kuingizwa kijitoni, kichwa kikiwa juu ya maji.
3. Asifunikwe kwa taulo au kanga iliyolowa na kuachwa hivyo, kwani nguo hiyo hupata joto na kuzuia hewa.
4. Sungura na simbilisi wasizamishwe majini. Masikio na miguu yao ipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida yenye ubaridi, kisha wapepewe.
5. Mnyama aliyezinduka apewe maji kidogokidogo. Aliyezimia asinyweshwe, kwani maji huingia mapafuni.
6. Kumwagia maji kukome mbwa anaposhuka hadi karibu sentigredi 39.4 au anapoacha kutweta kwa nguvu, ili asipate baridi kupita kiasi.
7. Hata akionekana amepona, apelekwe kwa mtaalamu, kwa sababu figo huweza kushindwa siku moja au mbili baadaye.

Magonjwa yanayofanana

Si kila mbwa anayetoka mate na kuyumba amepatwa na joto. Kichaa cha mbwa kingalipo Tanzania, na dalili zake huweza kufanana na hizo. Kiharusi cha joto huja ghafla, ndani ya dakika au saa, baada ya jua, mbio au kufungiwa. Kichaa cha mbwa hutanguliwa na mabadiliko ya tabia kwa siku kadhaa, kama vile kuuma bila sababu, kujificha, au sauti kubadilika. Mbwa asiyejulikana asiguswe mdomoni. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya kila mwaka kwa mbwa huondoa shaka hiyo.

Kwa kuku, kutweta kunaweza kuchanganywa na mdondo, unaoitwa pia kideri, ambao nchini Tanzania huzuka mara nyingi katika miezi ya kiangazi. Kuku wenye joto hupata nafuu jua linapotua. Wenye mdondo huendelea kuugua usiku, huharisha kijani, hupinda shingo, na vifo huenea kutoka nyumba hadi nyumba. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, na hivyo hufaa vijijini.

Sheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka kila anayemiliki mnyama nchini Tanzania amlinde dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, ampe chakula, maji na makazi yanayomfaa. Inahusu pia usafirishaji. Kumfungia mnyama juani bila maji, au kumsafirisha akiwa amebanwa pasipo hewa, si uzembe wa kawaida tu, bali ni jambo linaloweza kumfikisha mtu mbele ya sheria.